Turbo ya Pikapu ya Baba

Boito, 14 Aprili 2024

Dada Chepkurui,

Chamgei. Hapa tumeamka, Mungu ametuamsha sisi na ng'ombe wake. Mama anakusalimia sana. Jicho la kushoto sasa halioni kitu, la kulia linaona mwanga na kivuli cha mtu, lakini ukimpa chai ikiwa baridi bado anakugombeza vizuri. Mke wangu Janeffer amechaguliwa kiongozi wa akina mama kanisani. Chepkosgei wangu ameingia kidato cha pili na anauliza senge yake atamletea nini, si unajua watoto, hawajui shangazi na baba wamenuniana.

Nimechukua karatasi kwa sababu ya yale mambo ya Pasaka. Simu ilituharibia. Wewe ulipaza sauti, mimi nikapaza, mama akalia, ukaapa hutakanyaga hii boma mpaka nikutamkie lile neno unalotaka. Dada, mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kupigiwa kelele na msichana kwa simu watu wakisikia. Kwa barua mtu anafikiria kwanza.

Sasa jambo lenyewe. Pikapu ya baba imechoka kupanda. Ile njia ya kutoka mtoni hadi barabarani, nikiwa na mzigo, ni gia ya kwanza tu, inalia na kutoa moshi mweusi, na watoto wa shule wananipita kwa miguu wakicheka. Nasikia huko Nakuru unafungia watu turbo. Nataka unipangie yangu, turbo na eksozi yake, mpaka bomba la mwisho. Jairus wa Mogogosiek ndiye atachomelea. Mkono wake uko sawa, shida ni kichwa, yeye anataka mchoro. Baba alikufundisha wewe gari na mimi akanifundisha ng'ombe, kwa hivyo sina mwingine wa kuuliza.

Mungu akulinde na hayo magari mazito.

Ndugu yako,
Noah


Nakuru, 5 Mei 2024

Kaka Noah,

Salamu zimefika. Mimi niko. Mgongo unaniuma kwa sababu ya kuinama, na Danson mwenye gereji ameoa tena, kwa hivyo kazi yote ameniachia mimi. Mwambie Chepkosgei nitamtumia viatu, anipe saizi. Mama mpeleke kwa daktari wa macho, usimpeleke kwa maombi peke yake.

Huyo "msichana" ana miaka arobaini na moja, na fundi wanne wanaume wako chini yake.

Turbo nitakupangia. Usidhani ni kwa ajili ya utamu wa barua yako. Hiyo gari ni ya baba, nilijifunzia kufungua injini nikiwa nimelala chini yake, na mama anapelekwa kliniki nayo. Sitaki mtu wa barabarani aiharibu.

Lakini turbo haipangwi kwa kukisia, kaka. Niambie: injini bado ni ile ile ya dizeli, ama ulibadilisha? Sakafu ya nyuma ni ya mbao ama ya chuma? Na la muhimu zaidi, unabeba nini? Usiniambie "mzigo". Kila mzigo una mambo yake.

Sasa na mimi nina langu. Mwaka ule karo ilitosha mtoto mmoja. Ikaenda kwako. Mimi nikarudishwa nyumbani na sare yangu, na baba kwa vile aliona haya akanipeleka pale chini mtoni akasema, hapa ni pako, panda chai. Nilipanda miche mia tisa na arobaini kwa mikono yangu. Mama alikuwa ananichotea maji na kunishikia kamba ili mistari isipinde. Wewe ulikuwa bweni. Nimepanga nyumba za watu kwa miaka kumi na tisa, na kila nikilipa nasema si kitu, mimi nina pale chini. Nataka kujenga chumba kimoja na nichune chai yangu nikizeeka. Sitaki kingine. Umesema kwa barua mtu anafikiria. Basi fikiria, unijibu.

Chepkurui


Boito, 9 Juni 2024

Dada yangu mpendwa,

Chamgei mising. Pole kwa kuchelewa kujibu, kulikuwa na mvua, kisha mkutano wa kanisa, kisha mvua tena. Viatu ni nambari tano. Mama tulimpeleka hospitali, wakasema jicho la kulia litashikilia kwa muda. Ng'ombe yule mwekundu amezaa, tena jike, tumshukuru Mungu.

Injini ni ile ile. Sakafu nilitoa mbao, nikaweka chuma. Mzigo ni mawe. Kuna machimbo ya mawe yamefunguliwa upande wa mtoni na watu wanajenga sana siku hizi, kwa hivyo mimi nabeba mawe mpaka barabarani. Mawe tu.

Kuhusu hilo lingine, dada, ulinilazimisha na sasa nitakwambia, ingawa nilitaka kukuficha usiumie. Ile chai ya pale chini haipo. Mvua ya mawe ya mwaka juzi iliipiga, baada ya wewe kuja mara ya mwisho, kisha baridi ikaimaliza. Ilibaki vijiti. Mimi niliing'oa nikapanda miti ya kuni. Kwa hivyo hakuna kitu cha kugawana pale, na hakuna haja ya kunikumbusha maneno ya baba, maana wazee hawakuwepo akiyasema. Na msichana, hata awe na miaka mingapi, anapata shamba kwa bwana yake. Si mimi nilitunga hiyo desturi.

Usilie sana. Ni miti tu. Tuma mchoro haraka, watu wanangoja mawe.

Noah


Nakuru, 30 Juni 2024

Noah,

Msalimie mama. Viatu viko ndani ya kifurushi, vya Chepkosgei, ukimpa mtoto mwingine nitajua.

Umeniambia nisilie. Nilisoma barua yako gereji, nikainamia boneti ya gari la mtu nikalia mpaka Danson akatuma watu waende kunywa chai mapema. Siku tatu sikufanya kazi. Nilimwambia nimefiwa. Akaniuliza ni nani, nikashindwa kusema ni chai. Uling'oa bila hata kunitumia neno moja? Hata vijiti vilikuwa vyangu. Ningekuja nivione. Umenikata, kaka, na umenikata ukitabasamu, mimi nakujua.

Kazi yako hii hapa. Turbo niliyokupatia ni ndogo, imetoka kwa gari lililopinduka. Nimeifungua yote, nikaitia beringi mpya, nikaifunga kwa gunia ndani ya ndoo ya rangi. Jairus asiigonge na nyundo. Mwelezee hivi: moshi wa injini unazungusha feni moja, hiyo inazungusha ya pili, na ya pili inasukuma hewa ndani ya injini. Kwa hivyo moshi unahitaji njia pana. Bomba ni inchi mbili na nusu, na kona ziwe chache. Kila kona nimeichora na kipimo chake. Mrija wa oili wa kupeleka turbo ni ule mwembamba, wa kurudisha ni ule mnene, na akiubana huo mnene turbo itakufa kwa wiki moja. Ukishapanda mlima usizime injini papo hapo, iache ingurume dakika mbili ipoe.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa sababu umesema ni mawe, na njia ya machimbo lazima ina vichwa vya mawe, nimeliinua bomba juu kabisa lisigongwe. Limelala vidole viwili chini ya ile sakafu yako ya chuma, moja kwa moja mpaka nyuma. Sakafu itakuwa moto. Ukitaka utakaanga yai pale. Mawe hayajali. Kama ungekuwa unabeba kitu kingine chochote, ningelitoa ubavuni, nyuma tu ya mlango wa abiria, na kuweka bati la kuzuia joto chini ya sakafu. Kwa hivyo nakuuliza mara ya pili: ni mawe tu?

Chepkurui


Boito, 28 Julai 2024

Dada,

Sisi wazima. Mama mzima. Viatu vimemtosha Chepkosgei, amevivaa mpaka kwa ng'ombe.

Jairus amemaliza. Alifuata mchoro kama Biblia. Dada, wacha nikwambie ukweli, nilipopanda ile njia na mzigo kamili, gia ya pili, nikafika juu na pumzi imebaki, nilisimamisha gari nikashuka nikaizunguka. Mzee Johana jirani yetu alitoka kwake akidhani ni gari la serikali. Sauti yake si ya kelele, ni kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Baba angeiona angefurahi.

Mawe tu, ndiyo. Nimekwambia.

Ulisema kwa simu ya Janeffer kwamba unaweza kulegeza kiapo chako uje Agosti umwone mama. Mimi naona ungoje. Njia ni mbaya na mama analala sana. Nitakwambia wakati mzuri.

Ubarikiwe kwa kazi nzuri.

Noah


Nakuru, 25 Agosti 2024

Noah,

Natumai hapo mna afya. Hapa kuna vumbi na homa, watu wanakohoa gereji nzima.

Njia ni mbaya, na wewe juzi ulisema gari linapanda gia ya pili. Haya. Sikuja, umeshinda.

Nilimpigia mama Jumapili kwa simu yako. Tuliongea juu ya ng'ombe, tukaongea juu ya jicho, kisha akasema, "Chepkurui, pale kwako chini," na hapo hapo nikasikia simu imetoka mkononi mwake, na wewe ukaniambia betri inaisha. Betri iliisha kweli? Nilipiga tena mara nne. Alikuwa anataka kusema nini mama?

Nimekutumia geji ya kupima joto la moshi. Jairus aifunge mbele ya dereva. Sindano ikifika kwenye rangi nyekundu, punguza mguu. Nakutumia kwa sababu nikifanya kazi naimaliza, hata kama aliyenipa hastahili.

Nijibu kuhusu mama.

Chepkurui


Boito, 13 Oktoba 2024

Chepkurui,

Mama mzima, watoto wazima. Hizo ndizo salamu.

Umeniua. Nataka ujue umeniua na uketi nayo hiyo. Jumanne nilitoka hapa na magunia ishirini na mawili ya majani mabichi ya chai, mazuri, ya asubuhi, majani mawili na kichipukizi. Nilipanda vizuri na turbo yako. Kiwandani, kile cha kibinafsi ambacho huwa napeleka, foleni ilikuwa ndefu, tukasogea pole pole kwa muda wa karibu saa mbili, injini ikinguruma. Kufika mbele, karani akaingiza mkono ndani ya gunia la chini akautoa mbio kama mtu aliyeshika sufuria. Majani yamekuwa mekundu! Yamepikwa! Yananuka moshi! Akaita wenzake waje kuona. Wakayakataa yote, hata ya juu, wakaniambia nisirudi na hilo gari. Niliyamwaga kando ya barabara na ng'ombe wa watu wakanusa wakaenda zao.

Kumi na tatu yalikuwa ya majirani, na tisa yetu ya pale chini. Mzee Johana alikuja kwangu hakuketi. Alisimama mlangoni akaniuliza kama nilikuwa nimelewa, mimi, mzee wa kanisa. Sasa wote wamepeleka majani yao kwa gari la mtu mwingine. Leo kanisani benchi yangu tulikaa mimi na Janeffer peke yetu.

Na wewe ulijua. Umezaliwa kwa majani, unajua majani yakipata joto yanakufa. Ulilala na mchoro wako usiku na mchana ukitafuta namna ya kunimaliza kwa sababu ya vichaka vya chai. Baba alikufundisha gari ili umtengenezee ndugu yako jiko? Shetani akuonyeshe alichokulipa.

Noah


Nakuru, 20 Oktoba 2024

Msalimie mama na mtoto na Janeffer. Wewe sina salamu zako.

Naanza na kazi, kwa sababu majani ya Mzee Johana hayana makosa. Jairus akate bomba pale nyuma ya gia, alipinde lifuate chini na kutokea ubavuni, nyuma ya mlango wa abiria. Mchoro mpya uko hapa. Halafu aweke bati chini ya sakafu yote, liache nafasi ya ngumi moja hewa ipite. Juu ya sakafu rudisha mbao za baba, kama nazo hukuzichoma. Kawaombe majirani msamaha, uwaambie ulimdanganya fundi.

Maana ulinidanganya, Noah. Nilikuuliza Mei unabeba nini. Nikakuuliza tena Juni, nikakueleza mpaka kwa yai, nikakwambia kama si mawe bomba nitalitoa ubavuni. Ungeandika neno moja tu, majani, na leo ungekuwa umekaa benchi imejaa. Ulishindwa kuliandika. Nilikuwa najiuliza ni kwa nini mtu aogope kusema anabeba majani, kwetu Konoin nzima inabeba majani.

Kisha nikafika kwa lile "tisa yetu ya pale chini". Hasira ilikushika ukasahau kudanganya.

Miti ya kuni haichunwi, kaka. Chai yangu iko hai. Ilikuwa hai nikilia juu ya boneti. Ilikuwa hai ukiniambia nisilie sana, ni miti tu. Magunia tisa kwa mchuno mmoja! Imenona kuliko nilivyoiacha. Umeichuna miaka yote hii, ukaniombea kwa Mungu ukiichuna, na ukaja kwangu nikupe nguvu ya kuipandisha mlima. Na mimi nikakupa bure, na beringi mpya juu. Umenichezea shere mpaka sina hata tusi la kukutosha.

Kosa langu ni moja, niliapa nisikanyage Boito na nikakishika hicho kiapo kama mjinga. Ningeshuka pale chini mara moja tu niangalie kwa macho yangu. Sasa nimekivunja. Jumamosi tarehe mbili Novemba nakuja na kikapu, na nitachuna. Chifu nimempigia, amekubali kuja. Atasimama pale shambani, na mama atasimama, aseme mwenyewe alichosikia baba akiniambia, kwa sababu alikuwa ameshika kamba. Macho yake yamezima, masikio hayajazima. Mwenye chai mbele ya chifu tutamjua siku hiyo.

Usimnyamazishe tena.

Chepkurui wa pale chini


Boito, 30 Oktoba 2024

Dada Chepkurui,

Chamgei. Chepkosgei amefunga shule, amekuwa wa nne. Janeffer ameenda kwao Soin na mtoto mdogo, amesema ni siku chache. Mvua inanyesha kila mchana.

Bomba Jairus amelitoa ubavuni vile umeandika. Bati liko. Kazi yako sina neno nayo.

Chai ya pale chini haipo. Nilikuandikia mwezi wa sita kwamba nimeing'oa, na mimi siwezi kuitwa mwongo mbele ya chifu, mbele ya watu ninaowagawia meza ya Bwana. Tulianza Alhamisi. Vijana watano wanachimba kuzunguka shina na kukata mizizi ya pembeni, tunafunga mnyororo, naweka gia ya kwanza. Nilifikiri gari litashindwa, mizizi ya miaka ishirini na tano si mchezo. Halikushindwa hata shina moja. Siku sita, Jumapili pekee tulipumzika. Kwa hivyo Jumamosi usije. Hakuna cha kuchuna, na chifu hana cha kugawa.

Mama sikumwambia. Alisikia injini ikilia mahali pamoja bila kwenda, akamuuliza Janeffer, na Janeffer, badala ya kunyamaza, akamshika mkono akamteremsha. Mama alipapasa shimo la kwanza na fimbo, akapapasa la pili, akafuata mstari mpaka mwisho. Kisha akasimama mbele ya gari akaniuliza mimi ni nani. Nikasema, mama, ni mimi Noah. Akasema Noah ni mtoto wake, anamjua, nimwambie jina langu.

Nililisema mara tatu, Chepkurui.

Tangu hapo hali chakula cha kwangu. Chepkosgei ndiye anampa maziwa kidogo. Asubuhi anashuka peke yake akishikilia ua wa boma, anakaa juu ya kisiki kimoja tulichong'oa huko chini mpaka jioni, na nikienda kumchukua anauliza tena ni nani amemshika. Mvua inamnyeshea. Nimempeleka blanketi, ameitupa. Nimemwita mchungaji, amemjibu mchungaji vizuri, mimi nikifungua mdomo ananipa mgongo.

Nimeandika hapo juu usije. Sijui nitaandikaje. Kuja. Kuja hata kesho, umpandishe nyumbani, wewe atakusikia.

Noah